Kijiko cha Savka

Ujumbe wa Melania uliingia saa mbili asubuhi, siku ya mkesha wa Krismasi, na Demyan aliusoma mara tatu kana kwamba maneno yangechoka na kubadilika yenyewe. "Shemeji, leo jioni naandaa meza. Kijiko cha Savka nikiweke upande gani?"

Salamu hakuna, uhali gani hakuna. Kwetu meza ya jioni ile ina pande mbili, na hata mtoto wa kunyonya anakua akilijua hilo: huku vijiko vya walio hai, kule vijiko vya marehemu wa nyumba, maana jioni ile nao huja kula na watu wao. Ukimwekea mfu kijiko kwa wazima, atakosa pa kukaa, atazunguka nje na baridi lote hilo. Na ukimwekea mzima kijiko kwa wafu, Mungu apishe mbali, hilo hata kulitamka hatulitamki. Basi mke wa Savka alikuwa anauliza neno moja tu, na alimuuliza Demyan kwa sababu Demyan ndiye aliyemtoa mumewe nyumbani.

Alimtoa kweli. Asubuhi ile ya kwanza ya mabomu, Demyan, fundi wa lifti, alizima lifti ya jengo lao mjini Poltava isije ikanasa watu, akapanda ngazi mpaka ghorofa ya sita na kugonga mlango wa jirani yake, mwalimu wa kwaya. "Savka, foleni ya kujiandikisha imeshapinda kona. Tukichelewa bunduki zitaisha." Savka akacheka. Akavaa viatu vyeusi vya kung'aa vya kuimbia kanisani, kwa kuwa vya maana hakuwa na vingine, akamfuata. Melania akasimama mlangoni, taulo begani, akamnyooshea Demyan kidole. "Wewe umemtoa, wewe utamrudisha." Demyan akasema sawa. Ahadi ni deni, lakini asubuhi ile nani alikuwa na nafasi ya kupima maneno? Watu walisema sawa kwa kila kitu.

Sasa Savka alikuwa hajulikani alipo. Juzi asubuhi kombora lilipiga kituo cha mbele kabisa, wanachokiita Bustani, shimo lililofunikwa kwa magogo chini ya miti ya matofaa, kilomita moja na nusu kutoka walipojificha Demyan na wenzake. Walikuwamo wawili: Savka, na mzee Onufri aliyekuwa tarishi wa posta, miaka hamsini na sita, mwenye kikohozi. Droni ya kikosi chao ilipopita juu iliona shimo limeporomoka, na kando yake mtu amelala kifudifudi amevaa koti jeupe lenye kiraka cha bluu begani. Kiraka hicho kila mtu alikijua, mke wa Onufri alikishona kwa kitambaa cha mfuko wa posta. Basi wakaandika: Onufri amekufa, Savka hajulikani. Na jana kutwa droni za adui zilining'inia pale juu kama mwewe juu ya vifaranga, hata panya hakuthubutu kutoka.

Alfajiri ya leo ukungu ukashuka. Ukungu mzito, mweupe, wa kukata kwa kisu.

"Unamjibu nini?" aliuliza Yukhim, aliyekuwa anachungulia simu begani mwa Demyan bila aibu. Yukhim alikuwa mwoka mikate kabla ya vita, jitu la mtu, mabega kama mlango.

"Sijui."

"Mwambie asubiri."

"Asubiri nini? Nyota ikitoka wanakaa mezani. Mama yake Savka yuko pale. Utamwambia bibi kizee asubiri?"

Walikuwa katika ghala la chini la nyumba ya bibi Paraska. Nyumba yenyewe ilikuwa imebaki kuta mbili na jiko, lakini bibi alikataa kuhama. Alisema ghala lake lina viazi, mitungi ya matango, na wanajeshi, anataka nini tena? Demyan alikaa pembeni na redio yake. Kila saa aliita vituo kwa zamu, na kila kituo kilijibu kwa kubonyeza kitufe mara mbili bila kusema kitu: tk, tk. Maana yake shwari, tupo. Tangu juzi alipoiita Bustani alijibiwa na mvumo mtupu, ila hakuacha kuita. Ustina alimwona na hakumkataza.

Ustina ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Zamani alitibu mifugo, na Yukhim hakumwacha apumue kwa utani.

"Daktari," alisema Yukhim, "ng'ombe wako wana njaa."

"Ng'ombe wana akili kuliko nyinyi. Ng'ombe wanasubiri jioni."

Bibi Paraska alikuwa ameanza kuandaa meza tangu asubuhi. Alitandaza nyasi kavu juu ya mbao, juu yake kitambaa kilichodariziwa, katikati akaweka bakuli la chakula kiitwacho kutia, ngano iliyochemshwa na asali na mbegu nyeusi za mpopi. Vyakula vinatakiwa kumi na viwili, na vyote visiwe na nyama. Yukhim alijitolea kuhesabu: kutia, viazi, matango, maharage ya kopo, samaki wa kopo. "Mkate ni cha sita," akasema. "Chumvi cha saba. Maji moto cha nane. Bibi, kitunguu kizima na kitunguu kilichokatwa si viwili?" Bibi akamchapa mkono kwa mwiko.

Demyan alitaka kukaa kwenye benchi avue buti. Bibi akageuka kama aliyechomwa.

"Umepuliza?"

"Bibi, jioni bado."

"Puliza, nakwambia!"

Kwa jioni ile kabla ya kukaa tunapuliza kiti, tunasema samahani, usije ukamkalia marehemu aliyetangulia kukaa. Lakini ni jioni ile tu, si saa tano asubuhi. Demyan akamtazama bibi.

"Mwaka huu wanakuja mapema," bibi alisema, akiwa anapanga vijiko. "Ni wengi. Wa mbele hawataki kusukumwa na wa nyuma."

Hakuna aliyecheka, hata Yukhim. Demyan akainama, akapuliza benchi, akanong'ona samahani, akakaa kwenye ukingo kabisa.

Bibi alipanga wa kwake kwanza: mume, dada, mtoto aliyekufa mchanga. Kisha akawauliza wanajeshi majina ya marehemu wao. Wakamtajia, naye kwa kila jina aliweka kijiko, taratibu, kama anayemlaza mtoto.

"Onufri," alisema Ustina.

Kijiko kikawekwa. Bibi akakitazama, akakunja uso, akakisogeza kidogo, akakiacha.

"Na yule mwimbaji?"

Ustina akamtazama Demyan, Demyan akatazama buti zake.

"Hatujui, bibi," Ustina alisema mwishowe.

"Kijiko hakikai hewani, mwanangu. Huku au kule?"

Bibi ana miaka themanini na mbili, mikono inamtetemeka, hawezi kushika kitu muda mrefu. Akaguna, akakilaza kijiko cha Savka upande wa wafu.

Tk, tk.

Wote wanne waliitazama redio. Ilikuwa mezani mbele ya Demyan, taa yake ndogo ya kijani imewaka, na kwenye kioo kilikuwa kimeandikwa kituo kilichoita. Demyan hakuhitaji kusoma.

"Bustani," alisema, na sauti yake mwenyewe aliisikia kama ya mtu mwingine.

Bibi alikinyanyua kijiko. Redio ikanyamaza. "Unaona," bibi alisema kwa hasira, "hataki huku," akakihamishia upande wa wazima.

Demyan alikuwa amesharuka. "Yuko hai! Ustina, yuko hai, nakwenda!"

"Kaa chini."

"Ukungu umeshuka, hawaoni kitu—"

"Kaa chini, Demyan!" Ustina hakupandisha sauti, alimshika mkanda tu. "Siku mbili hajajibu. Leo ukungu umeshuka, anajibu. Hukujiuliza? Wakiokota redio huwa wanafanya hivyo hivyo. Wanabonyeza, tunakimbilia, wanatusubiri na bunduki. Kitufe hata nyani anabonyeza."

Alisema kweli, na Demyan alijua kwamba amesema kweli. Ndiyo maana ilimuuma. Akakaa, safari hii bila kupuliza, na bibi akasonya.

Halafu akakumbuka lifti.

Jengo lao lilikuwa na lifti ya kale, na kengele yake ya ndani ilikufa zamani. Watu wakinaswa walipiga kelele ovyo, na kelele ndani ya shimo la lifti haina anwani, inatoka juu na chini kwa pamoja. Kwa hiyo Demyan aliwafundisha majirani: usipige kelele. Gonga ukuta. Gonga ghorofa uliyoipita, pumua, kisha gonga ghorofa unayokwenda. Nitajua pa kufungulia. Na usilale, endelea kugonga. Savka alinaswa mara moja, masaa manne, yeye na mama mmoja wa ghorofa ya nane mwenye kisukari, akamwimbia na kugonga, kuimba na kugonga, mpaka Demyan alipofika. Kanuni hiyo waliijua watu wa jengo lile tu.

Demyan akachukua redio. "Bustani, hapa Lifti," alisema, kwa jina lake la redioni. "Umenasa kati ya ghorofa ya ngapi na ya ngapi?"

Mvumo. Yukhim alikuwa ameshika kitunguu mkononi, amekisahau.

Tk. Tk. Tk. Tk. Tk.

Pumziko dogo, kiasi cha pumzi moja.

Tk. Tk. Tk. Tk. Tk. Tk.

"Tano na sita," alisema Demyan, na machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyajali. "Ndipo aliponasa siku ile. Tano na sita! Mrusi gani anajua hilo? Niambie, Ustina, Mrusi gani?"

Ustina alitazama saa yake. Alikuwa mwanamke asiyependa kuamua kwa moyo, na aliyapoteza mengi kwa kutofanya hivyo, na mengi zaidi kwa kufanya. "Watu wawili," alisema. "Wewe na Yukhim. Chukueni sleji ya kuvutia majeruhi. Saa tisa mmegeuka kurudi, awe yupo asiwepo. Ukungu ukipasuka mkiwa kwenye uwanja, sitawaokota hata kifungo."

Kabla ya kutoka Demyan alitoa simu, na vidole vyake vikaandika upesi kabla akili haijamwuliza swali. "Yuko hai. Weka kwa walio hai." Akatuma. Ndivyo alivyo mtu mwenye furaha, anatangulia mbele ya habari yake mwenyewe.

*

Ukungu ule ulikuwa na kitu ndani yake, na Yukhim ndiye aliyeanza kukisema.

"Mbona hakuna kunguru?" alinong'ona. "Siku zote huwa wapo."

"Nyamaza, tembea."

"Natembea. Nauliza tu."

Walitembea kwenye mstari wa miti, sleji ya plastiki ikikwaruza nyuma yao. Huko mbele hatua tatu huoni kitu. Mti ulitokea ghafla usoni, ukapita, ukafutika. Sauti nazo zilikuwa zimekufa. Hata mizinga ya mbali, ambayo usiku na mchana haikomi na mtu akishaizoea haisikii tena, ilikuwa imenyamaza. Demyan alihisi wanatembea ndani ya shimo la lifti, kwamba juu kuna giza na chini kuna giza, na kamba imeshikwa na mtu asiyemwona.

Kwenye mfereji, miti ikagawanyika njia mbili. Siku ya kawaida angeijua akiwa amefumba macho. Leo alisimama kama mgeni. Akachagua kushoto. Wakaenda hatua hamsini, sitini, na Demyan akagundua kwamba redio kifuani mwake, iliyokuwa ikigonga polepole tangu watoke, tano, pumzi, sita, imeacha.

"Tumepotea," alisema.

"Umejuaje?"

"Amenyamaza."

Wakarudi mpaka mferejini, wakashika kulia. Tk, tk, tk, tk, tk. Yukhim alifanya ishara ya msalaba. Baadaye waliona kwamba njia ya kushoto ilikuwa imetegwa mabomu, machache ya kutoonekana na ya kutosha kuua. Lakini hilo walilijua baadaye. Wakati ule walijua tu kwamba mtu anawaita na wao wanaitika.

Kadiri walivyokaribia milio ya redio iliongezeka kasi. Demyan alianza kukimbia, Yukhim akimfokea kwa kunong'ona, "Polepole, bwege wee, utatuua." Mtofaa wa kwanza ukatokea, mweusi, nusu yake imekatwa. Wa pili. Kisha wakaliona koti jeupe.

Lilikuwa pale pale lilipoonekana na droni, limefunikwa theluji nyembamba, kiraka cha bluu begani. Demyan aliliruka. Samahani, mzee Onufri, alisema moyoni, wa hai kwanza. Akafika kwenye shimo, akapiga magoti, akaanza kuvuta magogo kwa kucha.

"Savka! Savka, ndugu yangu, nimekuja! Gonga!"

Kutoka chini ya magogo ikaja sauti, nyembamba, yenye kikohozi.

"Nani huyo?"

Mikono ya Demyan ilisimama. Alikijua kikohozi kile.

Yukhim ndiye aliyeinua gogo kubwa, maana Demyan alikuwa amekwisha nguvu. Chini yake, amebanwa miguu, uso wa rangi ya nta, ndevu zimeganda barafu, alikuwa amelala mzee Onufri wa posta, hai.

"Mlichelewa," alisema Onufri. "Barua zingekuwa zimeshaoza."

"Mzee," Demyan alisema. "Savka yuko wapi?"

"Si mmempita hapo?" Onufri akafumba macho, akafumbua. "Nilikuwa na homa. Zamu ilikuwa yangu. Akasema, lala mzee, nipe koti lako, langu linaonekana mbali. Akatoka na koti langu. Hakumaliza hata dakika kumi."

Demyan hakugeuka nyuma. Alijua kwamba akigeuka litakuwa kweli. "Uongo," alisema. "Alikuwa anaita. Mpaka sasa hivi alikuwa anaita. Redio alikuwa nayo nani?"

"Yeye. Mimi redio sina." Onufri alianza kutetemeka. "Ila mtu alikuwa anagonga. Juu ya magogo, hapa, juu ya kichwa changu. Kila nilipotaka kusinzia, ko, ko, ko. Tano, halafu sita. Siku mbili. Nilimtukana, jamani. Nilimwambia, niache nilale, shetani wee. Hakuniacha."

Mtu anayelala kwenye baridi ile haamki. Hilo wote watatu walilijua.

Yukhim alikwenda kwenye koti jeupe. Aliligeuza polepole, kwa heshima, kama anavyogeuza mkate usiungue. Akarudi na kitu mkononi akampa Demyan bila neno. Ilikuwa redio ya Savka. Kipande cha chuma kilikuwa kimeipasua katikati, upande huu mpaka ule, tundu la kuingiza kidole gumba. Betri ilikuwa imemwagika na kuganda. Chuma kile kilipita kwenye redio kwanza, kisha kwenye moyo.

Kifuani mwa Demyan, redio yake ilikuwa kimya kabisa.

"Sleji ni moja," alisema Yukhim baadaye. Alisema kwa upole, naye hakuwa mtu wa upole. "Tunambeba mzima, Demyan. Savka tutarudi kumchukua."

"Lini?"

Yukhim akainua macho. Huko juu weupe ulikuwa umeanza kupungua.

"Nilimwambia mkewe sawa," Demyan alisema. "Alisema utamrudisha, nikasema sawa. Nenda na mzee. Mimi nitambeba mgongoni."

"Utambeba wewe? Umejiona?" Yukhim akatema mate. "Magunia ya unga nilikuwa nabeba mawili mawili, nikipanda ngazi. Lete mzee huku. Mzee, shika shingo yangu, na usinikoholee sikioni." Akamwinua Onufri mgongoni kama mkoba wa posta, akaanza kwenda. Demyan akamlaza Savka kwenye sleji, akamfunga kwa mkanda, akamfunika uso kwa skafu yake mwenyewe. Miguuni Savka alikuwa na buti za jeshi. Kwa nini alitegemea kuona vile viatu vyeusi vya kung'aa, hakujua, lakini alilia kwa sababu ya viatu kuliko kitu kingine chochote.

Njia nzima ya kurudi sleji haikuwa nzito. Sisemi zaidi ya hapo. Demyan ni mtu mwembamba na Savka alikuwa mtu wa mwili, theluji ilikuwa imechanganyika na tope, na kamba ilikuwa imelegea mkononi kana kwamba nyuma kuna mtu anasukuma. Hakugeuka kutazama.

Walipoingia uwanjani mwa bibi Paraska, ukungu ukapasuka juu ya paa lisilokuwepo, na nyota moja ikatokea. Kwingine watu walikuwa wanashangilia nyota hiyo. Pale ilikuwa na maana kwamba anga imefunguka, na dakika tatu baadaye droni ya kwanza ilipita ikivuma juu ya mstari wa miti, ikakuta miti tu.

*

Bibi alipomwona Onufri anashushwa ngazi alipiga ukelele, kisha akakimbilia mezani na kunyakua kijiko chake upande wa wafu. Alikifuta kwa aproni, akakibusu, akakiweka upande wa pili. "Nisamehe, mwanangu. Nilihisi hakitulii. Nilihisi, nikanyamaza, mpumbavu mie." Ustina alikuwa ameshapiga magoti anakata suruali ya mzee, anaita gari la wagonjwa lije giza likiingia. Alimtazama Demyan mara moja, akaitazama sleji kupitia mlango, akaelewa. Kisha akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya, akamshika Demyan shavuni.

"Mpigie," alisema. "Mimi naweza kumpigia, ni kazi yangu. Lakini mpigie wewe."

Melania alipokea kabla simu haijaita mara mbili. Nyuma yake zilisikika sahani, na sauti ya mama yake Savka.

"Demyan! Nimekiweka kwa wazima, kama ulivyosema. Mama amelia mpaka amechoka, sasa anacheka. Mmemleta? Yuko hapo? Mpe simu, hata kama haongei vizuri mpe tu."

Kwa muda Demyan alitamani kombora lije limpige hapo hapo. Hata angeulizwa asingekana.

"Kihamishe, shemeji," alisema.

Sahani zilinyamaza.

"Nimemrudisha. Yuko hapa, amelala, nimemfunika. Keshokutwa anakuja nyumbani. Lakini kijiko kihamishe. Nilikuandikia uongo, sikujua kwamba ni uongo. Nisamehe. Kihamishe kabla hamjakaa."

Alidhani atapiga kelele. Hakupiga. Alipumua tu, muda mrefu, na aliposema sauti yake ilikuwa ya chini, kama mtu asiyetaka wa chumba cha pili asikie.

"Lini?"

"Juzi. Asubuhi, saa mbili na kitu."

"Juzi saa mbili na nusu lifti ilikwama," alisema Melania. "Umeme upo na imekwama. Na kuna mtu anagonga, Demyan. Sikukwambia, ungesema nimerukwa na akili. Tangu juzi anagonga. Jirani anasikia pia. Fundi mpya alikuja jana, akafungua, hakuna mtu ndani. Akaondoka na bado inagonga. Sasa hivi inagonga."

Demyan alishika ukingo wa meza. "Ngapi?"

"Unajua ngapi."

Ghorofa uliyoipita, pumua, ghorofa unayokwenda. Savka alikuwa anaishi ghorofa ya sita.

Na hapo, katikati ya yote, fundi ndani ya Demyan ndiye aliyeamka, kwa sababu mtu wa kawaida ndani yake alikuwa ameshindwa. "Yule fundi alifungulia wapi?"

"Ya tano."

"Bwege," alisema Demyan. "Mtu anapanda, unamfungulia alikotoka? Shemeji, nisikilize. Nilimpa Savka ufunguo wa pembe tatu wa milango ya lifti, uko kwenye droo ya viatu."

Alisikia droo. Alisikia mlango wa nyumba, kisha mwangwi wa ngazi, ule mwangwi wa jengo lao alioujua kuliko sauti ya mama yake. Na ndani ya mwangwi huo, kwenye simu, mbali sana: ko, ko, ko, ko, ko.

"Tundu liko juu kulia. Ingiza, zungusha kama saa inavyokwenda. Vuta mlango. Usisogee ukingoni, shimo lile baya. Fungua, kisha simama pembeni."

"Pembeni kwa nini?"

"Apite."

Chuma kililalamika. Kugonga kukakoma.

Ghalani, bibi Paraska alikuwa amesimama na mshumaa, Yukhim ameinamisha kichwa, Onufri amefumba macho lakini hajalala. Demyan alisikia nyayo za Melania zikirudi, polepole, nyayo za mtu anayemwongoza mgeni mwenye macho mabovu. Mlango ukafungwa. Kijiko kikanyanyuliwa, kikawekwa penginepo. Kiti kikavutwa.

Halafu akamsikia Melania akipuliza kiti kilicho kando yake, kwa upole, kama unavyopuliza uji wa mtoto, na kunong'ona, "Samahani, Savka. Kaa."